Na ya Mheshimiwa

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Wiki ya tatu tangu Mheshimiwa apate kiharusi. Mkono wa kulia umelala. Kiswahili kimekwenda chote, Kichagga pia — mtu aliyekuwa akitaniana na akina mama wa soko la Kwa Sadala kwa lafudhi ya Machame! Kimebaki Kiwelshi, lugha ya mama yake. Alikuja huku kijana kutoka Wales, kufuga ng'ombe wa maziwa. Akalima kahawa, akaoa, akawa raia, akawa mbunge wetu. Sasa anaongea na hakuna anayemwelewa.

Leodegar, katibu wake, ameniagiza nikae karibu. Wageni wakija, mimi ndiye mdomo wake. Nikasema mimi ni karani tu, Kiwelshi sikijui.

"Hata wao hawakijui."

Jumanne, 3 Septemba

Walikuja wazee wa mfongo, ule mfereji unaonywesha vihamba vyote, mashamba yetu ya migomba, huko chini. Hoteli mpya, ambayo Leodegar anaipigia debe, inataka maji yake. Yakienda, migomba inakauka. Ya bibi yangu pia.

Mzee Yakobo, mwenyekiti wao, alivua kofia. "Mheshimiwa, mfongo huu wewe mwenyewe uliuzibua matope pamoja nasi. Useme wewe. Tuwape maji?"

"Na," akasema Mheshimiwa.

Tukasubiri.

"Na." Kwa nguvu zaidi.

Na nini? Wote wakanigeukia. Leodegar akakohoa. Nikasikia sauti yangu: "Anasema wapeni, na nyinyi mtawekewa bomba majumbani."

Wakapiga makofi. Mheshimiwa akapiga meza kwa mkono wa kushoto. Nilidhani amefurahi.

Alhamisi, 5 Septemba

Asubuhi Mama Aikaeli, mkewe, alikuwa akimlisha mtori. Jumanne hakuwapo, alikuwa kanisani na wenzake.

"Nikuongeze?"

"Na."

Akaondoa bakuli. Nikamwuliza mbona anaondoa na mzee hajamaliza kusema.

Akacheka sana. "Amemaliza, baba! Kwao, na ni hapana; Kiwelshi changu ni neno hilo tu. Hata mimi, tulipooana, nilikuwa nangoja. Na nini? Na nini? Mpaka chai inapoa!"

Nikacheka naye. Sijui nilichekaje.

Hapana. Alisema hapana. Mara mbili.

Nilimwambia Leodegar garini. Hakushtuka. Wewe ndiye uliyetafsiri, akasema, mimi nilikohoa tu. Akauliza nani atamwajiri karani mwongo. Wazee na hoteli wanasaini Jumamosi.

Ijumaa, 6 Septemba

Nilipanda hadi getini kwa Mzee Yakobo. Mbwa akabweka. Nikarudi chumbani kwangu, Pasua.

Sikula. Sihisi njaa. Sihisi kitu.

Jumamosi, 7 Septemba

Naandika chooni, nyumbani kwa Mheshimiwa. Uani watu wamejaa. Mzee Yakobo ameleta mbuzi wa shukrani. Watu wa hoteli wana suti na kalamu.

Mheshimiwa alitolewa nje akiwa kitini. Mkataba ulipowekwa mezani, akamshika Mzee Yakobo mkono, hamwachii. "Na! Na! Na!" Machozi yanamtoka.

"Na nini tena, Mheshimiwa?" Mzee Yakobo anacheka. "Bomba umeshatupa! Au unatuongezea na lami?"

Watu wote uani wakaangua kicheko. Mama Aikaeli hakucheka. Alimtazama mumewe, akatazama karatasi, kisha akanitazama mimi.

Nikasema naenda kujisaidia mara moja.

Nawasikia. Leodegar anasema jamani, jua linapanda, tusaini. Mzee Yakobo anakataa: "Subiri kwanza, bwana! Mheshimiwa hajamaliza. Yuko wapi yule kijana atuambie, na nini?"

Mlango unagongwa. Taratibu. Si Leodegar.

"Baba," anasema Mama Aikaeli kwa sauti ya chini, "Jumanne mlimuuliza nini?"