Tangu Alhamisi Mimi ni Fundi Redio

Temeke, Jumatatu jioni

Mvua imenyesha kidogo asubuhi, ikaacha, joto likarudi palepale. Mimi mzima. Sina furaha wala huzuni. Mchana nimekula ugali na dagaa, na kama mke wangu, Mama Rehema, asingeondoa sahani ningedhani bado sijala.

Naandika, labda nitajua nina nini.

Alhamisi alikuja Mzee Nampeta, balozi wetu wa nyumba kumi. Ni mchonga vinyago, mtu wa kusini, anafanyia kazi barazani kwake na vumbi la mpingo halimtoki kwenye nyusi. Si mtu mbaya. Kata imewataka mabalozi waseme nani ana kazi na nani hana, kwa sababu wasio na kazi wanapakiwa kwenye malori wakalime vijijini. Hivi karibuni wamechukua vijana wa mtaa wa nyuma, na mmoja hakuruhusiwa hata kurudi ndani kuvaa viatu.

Mimi napiga gitaa. Nilianza kabla ya Uhuru na sasa nina mvi. Bendi yetu inapiga roki za zamani na twisti, zile ambazo makarani na manesi walizicheza walipokuwa wembamba. Kila Jumapili alasiri tuko kwenye ukumbi mmoja Kinondoni. Bendi nyingi siku hizi ni za mashirika: mwanamuziki ameajiriwa kiwandani, ana kitambulisho, akiumwa anatibiwa. Sisi hakuna shirika lililotutaka. Tulijaribu. Bwana mmoja wa utumishi alitusikiliza hadi mwisho, akauliza kama hatuna kibao cha Kiswahili. Tulikuwa nacho kimoja, na hakikuwa kizuri.

Basi Mzee Nampeta akanywa chai, akaulizia watoto, ndipo akauliza huyu bwana kazi yake hasa ni nini. Aliuliza kwa upole, macho kwenye kikombe. Anajua. Mtaa mzima unajua, maana kuta zetu ni za udongo na mimi nafanya mazoezi kila asubuhi.

Nilikuwa nafungua mdomo. Mama Rehema akaniwahi.

"Ni fundi redio," alisema.

Mzee akanigeukia. "Ndivyo, mwanangu?"

"Ndivyo, mzee."

Basi. Akamaliza chai, akaaga.

Si uongo mtupu. Amplifaya ya bendi naitengeneza mwenyewe, na redio yetu ya ndani nimeshaifungua mara nyingi. Mke wangu hakubuni kitu. Katika yote niliyonayo alichagua lile ambalo halipandishwi lori. Baadaye aliniuliza kama nimekasirika, nikamwambia hapana. Akalia, akasema hawezi kulea watoto peke yake huku mumewe analima pamba mahali asipopajua. Ana haki. Nilitaka nimkasirikie walau kidogo, nikaitafuta hiyo hasira, sikuipata.

Hapo ndipo nilipoogopa.

Ijumaa jirani akaja na redio isiyotoa sauti. Jumamosi zikaja nyingine, mojawapo ya Mzee Nampeta mwenyewe. Sijui alitaka kunisaidia au kunipima. Ilikuwa imekatika waya wa spika, nikauunga. Mzee aliisikiliza taarifa ya habari nzima amesimama, akaridhika, kisha akaniambia: "Sasa na gitaa lako utalipiga kwa amani. Mtu ana kazi yake, akitaka kujiburudisha Jumapili, nani atamkataza?"

Alisema kwa wema kabisa. Nikamshukuru.

Kwa hiyo gitaa limekuwa halali siku ile lilipoacha kuwa kazi yangu.

Jana Kinondoni niliwasimulia wenzangu. Akbar, mpiga dramu wetu, ambaye kwao wana duka la vitambaa, alicheka mpaka akaangusha kijiti. Akasema nisijione wa ajabu, yeye tangu azaliwe anaitwa muuza vitambaa na hajawahi kumkatia mtu hata mtandio. Tulicheka wote. Nami nilicheka, nikawa naisikia sauti yangu ikicheka.

Ukumbi ulijaa nusu. Kuna wimbo mmoja tunaoupiga kabla ya mapumziko, katikati wenzangu wote wananyamaza nabaki peke yangu. Miaka yote nikifika pale mwili unanisisimka, hata nikiwa na homa. Jana vidole vilikwenda vyenyewe, wala havikukosea. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nawaza redio ya mama wa nyumba ya kona, kama tatizo ni betri au ni swichi.

Ni swichi. Nimeiona leo asubuhi.

Mchana nikaenda Buguruni kutafuta risasi ya kuchomelea nyaya. Nilikuwa nimesimama kwa muuza vipuri, mfuko wa redio mbovu mkononi, mama mmoja akawa ananitazama sana. Mtu mzima, amejifunga kanga juu ya sare ya unesi, kapu la nyanya miguuni. Akaniomba radhi, akasema nimefanana na mtu. Zamani, wakati wa Uhuru, yeye na marehemu mumewe walikuwa wanakwenda kucheza Kinondoni. Palikuwa na kijana mpiga gitaa, mwembamba, anapiga amefumba macho kama anaota. Usiku mmoja kijana huyo alipokuwa anapiga peke yake, ndipo marehemu alipomwinamia sikioni akamwambia anataka kwenda kwao kuposa. Alisema mpaka leo akikumbuka posa yake anakumbuka gitaa kwanza, maneno baadaye.

"Si wewe yule, kaka?"

Ni mimi. Nafumba macho mpaka leo, Akbar ananitania kila Jumapili.

Hapakuwa na balozi pale. Hapakuwa na mtu wa kata wala lori. Mama Rehema alikuwa nyumbani anafua. Yule mama alikuwa ameshaanza kutabasamu, na kama ningesema ndiyo pengine angenishika mkono, tungemtaja marehemu wake kidogo pale katikati ya kelele za soko, angekwenda nyumbani na kitu cha kuwahadithia wanawe.

"Hapana, dada," nilimwambia. "Mie fundi redio."

Akasema nimsamehe, macho ya uzee. Akasema yule naye atakuwa mzee sasa, kama hajafa. Akainua kapu lake akaenda zake, nami nikachukua risasi yangu.

Nimekaa barazani na jambo hili tangu niliporudi. Redio zimepangwa mbele yangu na sijagusa hata moja. Alhamisi niliitikia kwa ajili ya wanangu, hilo naweza kulieleza kwa yeyote. Leo je, jibu lile nimelitoa kwa ajili ya nani?