Kibao cha Gesti Njia ya Stesheni

Jumatatu, 9 Juni 1997. Mwezi wa tano tangu nitoke Kasulu.

Gesti yetu imejificha uchochoroni, mtaa wa Shanwe, ndiyo maana bosi alinituma nisimike kibao njia ya stesheni, mbele ya kibao cha gesti ya jirani, abiria waone chetu kwanza. Leo vyumba vimejaa.

Jioni jirani akanifuata. "We Mrundi, kibali cha kutoka kambi ya wakimbizi kiko wapi?"

"Mimi Muha wa Kasulu, Mtanzania, mzee."

"Kawaambie polisi. Kesho nisikione kibao."

Karatasi yoyote sina, na kwa lafudhi hii inayofanana na ya Warundi nani ataniamini? Bosi anacheka tu: "Kiache, wageni wanakuja!"

Alfajiri nakwenda kuking'oa. Bosi atanifukuza, najua. Jumapili nitakuwa nyumbani Kasulu.