Si Mbu: Beseni la Mabuu Saba

Jumatatu, 4 Machi 1957
Kosa la karibu kila mtu: akiona mdudu mwenye miguu mirefu kupita kiasi, husema ni mbu mkubwa. Si mbu. Hana mdomo wa kuuma. Buu la mbu huning'inia chini ya uso wa maji. La huyu hutambaa katika majani mororo yaotayo juu ya mawe ya kijito. Nimempata mlimani, njia ya Fizi. Mtaalamu wa wadudu aliyeko Uvira ameniandikia kwamba huku hajapata kuonekana. Anataka dume mzima. Aina hujulikana kwa ncha ya mkia wake. Mabuu saba yamo besenini uani, pamoja na majani yake na maji. Nimebadilisha maji.

Jumatano, 6 Machi
Habari mbaya. Ajenti wa usafi, mtu wa serikali wa kuzuia mbu, atapita keshokutwa, nyumba kwa nyumba. Chombo chenye maji na mabuu hupinduliwa papo hapo. Jirani yangu, Baba Saidi, amenicheka mbele ya watu: "Bengine banafuga kuku, Mwalimu yeye iko nafuga mbu!" Mke wangu hakucheka. "Mwaga ile maji, Mwalimu. Mi sitaki kupata haya." Nikaeleza tofauti. Nikaeleza tena. Akaingia jikoni.
Matatu yamejifunga ganda. Bado siku mbili, tatu yatoke na mabawa.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeogopa mchana kutwa. Kuficha ndani? Ajenti huingia hadi chumbani. Kuyarudisha mlimani? Nitakosa dume.
Jioni nimeona upumbavu wangu. Kijitoni hayaogelei. Hukaa kwenye majani yaliyolowa tu. Basi maji ya beseni ya nini? Tumeyamwaga yote, mimi na mke wangu. Yamebaki majani, na kitambaa kilicholowa juu yake.
Huenda nimeyaua mabuu.

Ijumaa, 8 Machi
Ajenti amekuja. Kwa Baba Saidi amepindua mtungi: mabuu ya mbu tele. Kicheko kimekwisha. Kwangu ameinua kitambaa.
"Maji iko wapi?"
"Hakuna, bwana."
Akachokonoa majani kwa kijiti. Akaondoka.
Mawili yamekufa. Moja kwa kijiti.

Jumamosi, 9 Machi
Dume. Ametoka alfajiri. Mguu mmoja umekatika, mkia mzima. Mke wangu alishika karatasi nilipokuwa nikimfunga ndani kwa safari ya Uvira. "Kumbe iko mwembamba hivi," akasema, polepole.
Leo, kabla jua halijawa kali: rudisha kijitoni manne yaliyobaki.