Matofali ya Dirisha la Nyuma

Kwako Baba,

Nimeanza kuifungua nyumba yetu ya Machakos, na kwa kuwa wewe ndiye uliyeijenga, naona ni haki upate taarifa. Nitafuata shajara yangu ili nisiongeze kitu.

Unawakumbuka wale wezi walioingia kwa dirisha la nyuma la sebule wakachukua redio na cherehani. Jumamosi iliyofuata uliliziba. Nilikuwa kidato cha pili. Nilikupitishia matofali, nawe kila mara ukasema, "Lete lingine, mama," kwa maana nina jina la mama yako. Mama alisimama mlangoni, kiondo alichokuwa akikisuka mkononi.

"Na mimi nitasukia wapi?"

Ulijibu bila kugeuka: "Hali ikitulia nitafungua."

Jioni niliandika: "Baba anajengea udongo. Simiti ameipaka nje tu. Baba ni mbahili."

Hali haikutulia mapema, kisha kifo kikakuchukua. Mama aliivumilia sebule ile miaka mitatu, taa ikiwaka mchana. Unaijua desturi yake: kiondo akikianza mahali, hukimalizia hapo hapo. Alimaliza alichokuwa nacho, akakunja nyuzi zake, akahamia Kola kwa dada yake.

"Sikimbii nyumba," aliniambia. "Nakimbia giza la baba yako."

Tangu hapo, kila nilipomsihi arudi, alinijibu kwamba macho yake hayana nguvu ya kubishana na ukuta.

Mwezi uliopita nilichukua vipimo. Palipokuwa na dirisha nilitaka mlango mpana wa vioo, na nje yake baraza yenye mabati yanayopitisha mwanga, mtu akikaa aone mparachichi wako na vilima. Nilimtengea fundi Mutua siku mbili za kubomoa. Alipiga nyundo mara tatu, akacheka.

"Madam, umeniita kubomoa ama kupakua ugali?"

"Kwani kuna nini?"

"Hii ukuta imeshikwa na udongo pekee. Na linta, ile boriti ya juu ya dirisha, iko huku juu, nzima kabisa. Huyu mzee alijua atarudi kufungua."

Matofali yalitoka mazima. Kabla ya saa nne mwanga ulikuwa umefika hadi kwenye kabati la vyombo, ambalo rangi yake nilikuwa nimeisahau. Nilitoa shajara ya zamani, nikalipata lile neno "mbahili", nikalikata kwa mstari mmoja. Sikulifuta. Kosa lilikuwa langu, na linafaa lionekane. Matofali yako tumeyatandika chini, ndiyo sakafu ya baraza.

Mama alikuja Jumapili. Alisema amekuja kutazama tu, na kitambaa cha kichwa hakukivua. Nilimweleza alivyoniambia fundi. Aliokota tofali lililobaki, akakwangua udongo kwa ukucha.

"Asi! Mzee huyu. Si angesema?"

"Alisema, Mama. Ulikuwa umesimama mlangoni."

Akaliweka tofali chini. Baadaye akaikagua baraza toka mwanzo hadi mwisho, akapata kasoro. "Hapa pembeni mvua itaingia." Ni kweli, paa limepungua kidogo upande huo. Nimeandika lirekebishwe.

Huwa watu wananiuliza kama nyumba hii inanitia huzuni. Hainitii. Ninachokiona zaidi ni kazi iliyofanywa vizuri na mtu asiyependa kujieleza, na mimi niliyemsoma vibaya kwa miaka mingi, ingawa kila tofali lilipitia mikononi mwangu.

Nilipotoka na chai, Mama alikuwa amevuta kigoda hadi katikati ya baraza. Kitambaa kilikuwa magotini. Alikuwa ametoa nyuzi mpya za mkonge mkobani na kuanza kitako cha kiondo, kile kikubwa cha kubebea mahindi. Nilimwekea kikombe kando. Cha ukubwa ule humchukua wiki nyingi.

Pumzika sasa, Baba. Hali imetulia.

Ni mimi, mama yako mdogo,
mpitisha matofali.