Mama Concepta na Vipande Vyake vya Mepo

Mwaka mmoja umetimia leo, mama, tangu Jumatano ile ya tarehe kumi na nne Agosti ulipotuacha. Ilikuwa asubuhi, saa tatu kasorobo, na chai uliyoiomba ilikuwa bado ya moto mezani. Tumeipita miezi yote kumi na miwili na hakuna hata mmoja uliokwenda upesi.

Wengi wanaokukumbuka hapa Mwabungo, na huko Ukunda, mpaka Msambweni, hawajui kwamba jina lako ni Concepta Nekesa. Wanakujua kwa jina la Mama Mepo. Watoto wa jirani ndio waliokuita hivyo, nawe hukukataa. Ulikuwa umefanya kazi miaka kumi na sita katika jiko la keki na mikate la hoteli moja ya Diani. Hoteli ilipofungwa wakati wa korona ulirudi nyumbani na aproni mbili na chupa moja ya kioo. Chupa hiyo ulipewa na bibi mmoja wa Kanada, mgeni aliyekuja kila Januari na aliyeendelea kukutumia nyingine baadaye. Ndani yake mlikuwa na asali nyembamba ya kahawia inayotoka kwenye mti wa kwao uitwao mepo.

Unakumbuka siku ulipomwonyesha Bi Mwanarusi chupa ile? Jirani yetu, mjane anayeuza mahamri asubuhi, aliipokea kwa mikono miwili akaielekeza juani.

"Yatoka mtini hii?"

"Mtini. Wanatoboa shina, inadondoka kwenye ndoo, kisha wanaichemsha."

"Kumbe na wazungu wanagema!" Akacheka mpaka akashika ubavu. Halafu akauliza polepole, "Na hailevyi?"

"Hailevyi, Bi Mwanarusi. Ni tamu tu."

Ndipo akaonja, kwa ncha ya kidole.

Ulikuwa na tabia moja iliyomuudhi sana mwanao Trevor. Mpira ukifika patamu, wewe ulipiga kelele kutoka jikoni, "Zima hiyo redio, siagi inataka kusema!" Na kweli ilisema. Ilitokota kwa kishindo, povu likapanda, kisha kishindo kikapungua kidogo kidogo, nawe ukainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza habari za msiba. Harufu ilipogeuka ikawa kama ya korosho zilizokaangwa, ulisema "Sasa," ukaiepua upesi kabla haijaungua. Kisha sukari ya kahawia, mepo, mayai, unga, chumvi kidogo, matone ya vanila ya kunukisha, na korosho za Msambweni ulizozivunja kwa kitako cha kikombe. Trei ya keki ikitoka kwenye oveni hukumruhusu mtu kukata vipande mpaka ipoe. Baba alijaribu kila mara, na kila mara ulimpiga kofi mkononi.

Leo tunataka kusimulia jambo moja ambalo wengi hawalijui. Baba yetu, mumeo Elphas, ndiye aliyetuomba tuliandike.

Ilikuwa Desemba, miaka mitatu sasa inakaribia, Bi Mwanarusi alipomwoza Mwanatumu, binti yake wa mwisho. Alikuja akasimama mlangoni kwetu akasema, "Mama Faith, mahamri nitapika mwenyewe. Vile vipande vyako nataka vije kwa trei." Ulioka trei nane kwa siku mbili. Siku ya nikahi vilikwisha kabla ya biriani. Bi Maimuna, dada yake Bi Mwanarusi, ambaye hali kwa mtu kama halijui jiko lake, alikula vinne akafunga viwili kwenye leso. Ulirudi nyumbani jioni miguu imevimba, ukaketi ukawa unatabasamu peke yako. Baba anasema hajawahi kukuona na furaha kama ile tangu Faith azaliwe.

Januari ukapata miwani. Wiki nzima ulisoma kila kilichokuwa na maandishi, mpaka karatasi ya kiberiti. Siku moja baada ya chakula cha mchana baba alikuwa kwenye mlango wa nyuma anatengeneza pampu ya maji, akaona umesimama jikoni na kile kichupa cha vanila, hutikisiki.

"Baba Faith, njoo unisomee hapa. Labda miwani inanidanganya."

Baba akafuta mikono akasoma. Maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chungu. Yalisema kwamba sehemu thelathini na tano katika mia ni pombe. Ni vanila ile ile uliyoizoea tangu hotelini, na hakuna aliyewahi kukwambia inatiwa nini. Ilikuwa imeingia katika trei zote nane.

Baba anasema aliufikiria ujirani wetu. Miaka ishirini na miwili tulikuwa tumeishi hapa, watu wa bara kati ya watu wa pwani, na hakuna aliyetufanya tujione wageni. Tulichota maji kisimani kwao, watoto tulilala kwao baba na mama wakiwa zamu ya usiku. Aliyaona yote hayo yakimwagika siku moja.

"Nyamaza," akakwambia. "Tupa hiyo chupa. Tafuta nyingine isiyo na pombe, basi. Yeye hajui, na asiyejua hana kosa."

"Mimi najua."

"Ukimwambia utamuumiza bure. Utamharibia na arusi ya mwanawe."

"Aliniuliza kama inalevya, nikamwambia hailevyi."

"Alikuuliza juu ya mepo, Concepta."

"Aliniuliza kama anaweza kula kwangu."

Ukavua aproni. Ukajitanda leso, ukashika kichupa, ukatoka. Baba hakukufuata. Alirudi kwenye pampu yake akawa anakaza parafujo ambayo ilikuwa imeshakazwa, masikio yote yakiwa uani kwa jirani. Alisikia hodi yako. Alisikia "Karibu, shoga yangu, pita." Kisha sauti yako, chini, kwa muda mrefu. Halafu Bi Mwanarusi akasema bila kupandisha sauti:

"Watu mia mbili, Mama Faith. Na maalimu wangu. Na mama mkwe wa mwanangu."

"Nisamehe."

"Nenda nyumbani kwako."

Ulirudi ukaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Miezi mitano ilipita. Bi Mwanarusi alikuitikia salamu, lakini kutoka ng'ambo ya ua, na bila kusimama. Tulisikia kwamba maalimu wake alimwambia asiyejua hana dhambi, amwachie Mola, na kwamba hata hivyo Bi Mwanarusi hakuweza kulala siku kadhaa. Yeye mwenyewe hakusema neno kwa watu. Bi Maimuna ndiye aliyesema, na akasema sana. Walioagiza trei kila Ijumaa wakaacha, mmoja mmoja. Ulikuwa ukioka kidogo tu, kwa ajili yetu, na vanila ya unga uliyoitafuta mpaka Mombasa. Hatukukusikia hata siku moja ukisema afadhali ungenyamaza. Baba naye hakukwambia, "Nilikuonya." Lakini alilisema moyoni kila alipokuona umesimama dirishani ukitazama uani kwa jirani.

Juni asubuhi ikapigwa hodi. Bi Mwanarusi aliingia jikoni bila kungoja, akavuta kigoda akaketi.

"Toa kila kitu unachopikia," akasema. "Nisomee."

Ukatoa vyote mezani. Unga, hamira ya keki, sukari, siagi, vanila ya unga, chupa ya mepo. Ukasoma kila karatasi, kutoka juu mpaka chini, ukimfasiria neno kwa neno, naye akakushika mara mbili kwenye neno asilolielewa mpaka ukaeleza vizuri. Mlichukua saa nzima. Mwishoni akajifunga leso vizuri kichwani.

"Haya. Washa jiko."

Hakuna aliyeomba msamaha tena siku ile. Trei ilipopoa alikula kipande kimoja, akachukua cha pili akaenda kumpa Bi Maimuna mkononi, mbele ya watu waliokuwa kisimani.

Laiti mngepewa miaka mingi baada ya hapo. Mwaka uliofuata, Februari, madaktari wakatuambia ni saratani ya titi na kwamba imetembea mwilini. Ukawa unavuka Likoni kila wiki ya tatu kwenda Mombasa kutiwa dawa, na Bi Mwanarusi akawa anakusindikiza pale baba alipokosa ruhusa kazini. Dawa ile ilikunyang'anya ladha. Ulisema kila kitu kina ladha ya msumari. Lakini hukuacha kuoka. Ulikoroga, ukampa Bi Mwanarusi kijiko.

"Sukari?"

"Bado kidogo."

"Chumvi?"

"Acha hapo hapo. Ukiongeza utaharibu."

Ukaongeza ulichoambiwa, bila kubisha, wewe uliyekuwa ukiwabishia wapishi wakuu wa hoteli. Julai ukashindwa kusimama. Ukaagiza kutoka kitandani, milango ikiwa wazi, Faith jikoni na Bi Mwanarusi kwenye kigoda katikati, akipeleka maneno huku na huku. Faith aliunguza siagi mara tatu. Mara ya nne ukasema kutoka chumbani, "Hiyo sasa," kabla yeye mwenyewe hajajua.

Tulikupeleka Khwisero, kwenu bara, ukalale karibu na nyumba ya mama yako kama ulivyotaka. Bi Mwanarusi, ambaye hakuwa amewahi kupita Mariakani, alipanda basi nasi. Alisafiri na ndoo mbili za mahamri kwa ajili ya waombolezaji, na akatia udhu kwa maji ya chupa kila basi liliposimama. Kaburini alisimama pembeni na ushungi wake. Wanawake wa huko wakamuuliza nyanya yetu huyu ni nani, nyanya akajibu, "Ni wa kwetu. Amekuja na mtoto wangu."

Mwaka huu wote, mama, baba hakuwa sawa. Kazini alienda, kanisani alienda, lakini kwa Bi Mwanarusi hakuingia. Akimwona kwenye njia ya kisima alimwamkia haraka akapita. Sisi tulidhani ni uchungu tu, kwamba kumwona yeye ni kukuona wewe. Bi Mwanarusi naye alidhani hivyo, akamwacha.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, baba hakubadilisha nguo. Alivuka ua moja kwa moja. Bi Mwanarusi alikuwa barazani, ungo wa mchele mapajani.

"Shikamoo, Bi Mwanarusi."

"Marahaba, Baba Faith. Karibu, keti."

Baba hakuketi. "Nimekuja kusema jambo. Ile siku ya kichupa, mimi nilimwambia anyamaze. Nilimwambia atupe asikwambie. Angenisikia mimi, ungekuwa unakula mpaka leo bila kujua. Amekufa na mimi sijamwambia kwamba yeye ndiye aliyefanya sawa."

Bi Mwanarusi akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa.

"Mwaka mzima unanikwepa kwa hilo?"

"Kwa hilo."

"Wewe ulimwambia mara moja tu." Akaweka ungo chini. "Mimi nilitamani angeninyamazia, Baba Faith. Miezi mitano. Nilikuwa nikianika nguo hapo, nasikia harufu ya siagi inatoka kwenu, nasema moyoni, huyu mwanamke kwa nini hakuniacha tu? Namwonea hasira kwa kunipa ukweli wangu. Nami sikumwambia. Nilikaa naye miezi yote ya ugonjwa, nikamwonjea sukari, na hilo sikumwambia."

Baba akalia, mama. Alilia pale barazani kwa watu, mchana, na suti yake ya kanisani. Kaburini hatukumwona akilia vile. Bi Mwanarusi si mtu wa kumshika mkono mwanamume asiyemhusu, na hakumwambia anyamaze. Alimsogezea ungo. Baba akaketi, wakachagua mchele wote wawili mpaka adhana ya alasiri ilipomwita Bi Mwanarusi ndani, na baba akarudi kwetu.

Jioni ile ndipo alipotuita, akatusimulia, akasema yaandikwe na jina lake lisifichwe. Anataka kila anayesoma hapa ajue kwamba ulifanya sawa. Anataka na wewe ujue kwamba analisema, ingawa amechelewa.

Ibada ya kukukumbuka itafanywa nyumbani Mwabungo Jumamosi hii, saa nne asubuhi. Bi Mwanarusi ndiye atakayepokea wageni mlangoni, na wote mnakaribishwa.

Wanaokulilia na kukuombea ni mumeo Elphas. Sisi wanao, Faith na Trevor. Mama yako, Mama Rispa wa Khwisero. Wadogo zako Maryanne na Wycliffe. Na shoga yako Bi Mwanarusi, pamoja na Mwanatumu, ambaye Mei alijifungua mtoto wa kike.

Pumzika, mama yetu. Siku zote tulizobakishiwa, hutatutoka moyoni.