Upande Aliogeukia Enid

Harrogate, 4 Februari 2019

Mdogo wangu Enid,

Niwie radhi kwa ukimya huu wa miaka kumi na miwili. Sina udhuru, anwani yako ninayo, na kalamu sijakosa. Natumaini u mzima na kwamba baridi ya Scarborough haijakuzidi. Mimi nimewekewa kifaa cha moyo, lakini bado natembea hadi dukani na kurudi.

Kanda ya *Chumba cha Mshonaji*, ile tamthilia yetu ya televisheni ya Krismasi 1972, imepatikana. Sote tuliamini kwamba kituo kiliifuta ili kurekodia mechi za kriketi, kama zilivyofutwa nyingine. Kumbe mwalimu mmoja wa Otley alibaki na nakala, na wanawe wameikuta kabatini. Gemma Holroyd, binti anayekusanya tamthilia za kutisha za zamani, alikuja kunionyesha. Ulipofika pale mjane uliyemwigiza anaposikia kitu katika chumba kitupu, akageuka, Gemma alishika mkono wa kiti changu.

"Mzee, hapa nimeshindwa kupumua," akasema. "Alifanyaje?"

Nikamsimulia kama nilivyowasimulia wengine kwa miaka arobaini na sita: kwamba hukuwa ukiigiza. Kwamba mimi, mwongozaji, nilichukua kanda ya sauti ya Baba, aliyekuwa amefariki miezi minne tu kabla, nikaifungulia kwenye spika ya studio bila kukuambia. "Enid, chai iko wapi, mwanangu?" Watazamaji wa Krismasi ile walisikia upepo tu, kwa kuwa sauti yake niliifunika baadaye.

Watu husikia kisa hiki wakacheka. Gemma hakucheka. Aliniuliza, "Na yeye alikusamehe?"

Nikakumbuka chakula cha mazishi ya Mama, nilipokisimulia kisa hichohicho mezani, nawe ukachukua koti lako ukatoka. Nimeona aibu, Enid. Niliufanya msiba wako kuwa chombo cha kazi yangu. Naomba unisamehe. Kanda itaonyeshwa Leeds tarehe 30 Machi, nao waandaaji wanatutaka sote wawili.

Kaka yako,
Bernard

*

Scarborough, 21 Februari 2019

Kaka Bernard,

Salamu zako zimefika. Pole kwa moyo. Mimi sijambo, magoti ndiyo yanayonisumbua.

Unaomba msamaha kwa kosa ambalo silo. Siku ile, wakati wa chai, Cyril wa mitambo ya sauti alinifuata nyuma ya mapazia. Akaniambia, "Enid, kaka yako kanipa sauti ya mzee wenu. Ukitaka, nitasema mashine imekufa." Nikamwambia aiache icheze. Nikaenda chooni nikalia dakika kumi, nikajipaka poda upya, nikarudi. Nilijua itakuja wakati gani. Uso ule niliuchagua mwenyewe, Bernard. Niliigiza.

Huniamini? Itazame kanda. Spika ilikuwa kuliani kwangu, juu ya mlango. Mtu aliyeshtuka kweli hugeukia sauti inakotoka. Mimi nilingoja, kisha nikageukia kushoto, iliko kamera yenye taa nyekundu, nikasimama palepale ulipokuwa umeweka alama ya chaki.

Kabla ya Krismasi ile kwisha, ulikuwa umeshawaambia wenzako wote kwamba uso ule uliupata kwangu kwa hila. Nilipokwenda kuomba kazi ya kuigiza, mmoja wao akanijibu, "Bibie, sisi hatuna marehemu wa kukutisha naye." Wakacheka wote mle ofisini. Nimeuza mapazia ya madirisha miaka thelathini. Si mapazia mabaya, lakini sikuzaliwa kwa ajili yake.

Sauti ya Baba nilikusamehe zamani. Mazishini niliondoka kwa sababu Shangazi Olive alinigeukia akasema, "Kumbe hukuwa ukiigiza, maskini," nawe ukamwongezea chai.

Dadako,
Enid

*

Harrogate, 9 Machi 2019

Mdogo wangu Enid,

Natumaini magoti yamepata nafuu. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nikitafuta namna ya kukupinga. Sikuipata.

Nimeitazama kanda mara kumi na saba. Unageukia kushoto. Nilikuwa nimeketi chumba cha uongozaji, viwambo vya kamera zote mbele yangu, na picha ile niliichagua mimi. Isingewezekana kuichagua kama ungegeuka kwingine. Nimewafundisha vijana kazi hii, nikiwakemea kwa kosa dogo kuliko hili. Nilikuwa na macho, lakini nilishakata shauri kwamba mdogo wangu hawezi kuigiza.

Nilimwita Gemma nikamweleza. Akasema, "Kwa hiyo, mzee, umekuwa ukitembea na sifa ya mtu mwingine mfukoni."

Nikasema ndiyo.

"Na kijitabu cha onyesho nimeshakichapa, kisa chako kimo ukurasa wa pili."

Nikamwambia akichape upya. Amekubali, kwa sharti kwamba nisimame jukwaani niseme kwa mdomo wangu, maana kisa changu kimeenea kuliko kijitabu. Nitasimama. Sijui kama sauti itanitoka. Ningependa uwepo, ili watu wamwone aliyeifanya kazi ile. Kiti chako kitakuwa mbele.

Kaka yako mwenye aibu,
Bernard

*

Scarborough, 17 Machi 2019

Kaka Bernard,

Natumaini moyo unakwenda vizuri. Kijitabu kipya Gemma amenitumia. Nimekisoma nikiwa nimesimama jikoni, hata nikaunguza mkate.

Useme hayo jukwaani, niwepo au nisiwepo. Hilo usilifungamanishe na kuja kwangu.

Juu ya kuja, nafikiri hivi. Ukishamaliza kusema, watu wote watanigeukia. Watataka kuona uso wangu nikikusamehe. Nami nitawapa, kwa sababu najua kuutoa, nao watapiga makofi, na wewe utalia. Ila hakuna atakayejua, hata wewe, kama nilikuwa nikiigiza.

Sina hakika kama nataka kufanya hivyo. Gari moshi la kwenda Leeds lipo kila saa, kwa hiyo si suala la safari. Niache kidogo. Nikishaamua, nitakuandikia.

Dadako,
Enid