Treni za Baba kwenye TV

Jumatano, 1 Oktoba 1986

Nimelehemu redio za watu kutwa nzima pale kiwandani. Nimerudi Kaloleni, nimekula, nimekaa kulehemu mashine yangu. Macho yanawasha. Mama anauliza hii kompyuta itapika ugali lini.

Baba anastaafu kazi ya reli mwisho wa mwezi huu. Jumamosi inayofuata yeye na Mama wanapanda treni kwenda nyumbani Bunyore, kukaa huko moja kwa moja. Nyumba inarudi kwa kaunsili, mimi nahamia chumba Dandora. Kule nyumbani hakuna stima, kwa hiyo TV ameahidiwa mchungaji. Bila TV mashine yangu haina pa kuonyesha picha. Kwa hiyo nina mwezi mmoja. Nataka Baba acheze gemu ya treni niliyomtungia kabla hajaenda. Sijamwambia. Ningemwambia angesema nilale.

Jumapili, 5 Oktoba

Baada ya kanisa nilienda Dandora kwa Njoroge. Anauza vyuma na mabodi ya elektroniki yanayotupwa na maofisi. Prosesa, ubongo wa kompyuta, nilipata kwake mwezi uliopita, ndani ya mashine ya hesabu iliyopasuka. Leo ni chipu za memori. Anazo za aina mbili. Mpya hazili umeme mwingi, lakini moja ina mguu uliovunjika na hana nyingine. Za zamani ziko tele. Zinakula stima kama pasi, na zinachoma kidole.

"Chukua hizo za zamani," akasema. "Hizo haziwezi kukuangusha, msupa." Msichana yeyote kwake ni msupa.

Nimechukua za zamani. Sina imani nazo. Lakini sina nguvu ya kutafuta tena.

Alhamisi, 9 Oktoba

Memori zinavuta umeme mwingi kuliko nilivyofikiri. Regyuleta, kile kidude cha kushusha umeme, kinapata moto hadi hakishikiki. Kinahitaji bati la kukipoza. Madukani barabara ya Luthuli wanayo madogo ya redio tu. Nimekata kifuniko cha sufuria ya Mama. Alumini nzuri, nene.

Mama ametafuta kifuniko jioni yote. Nimeendelea kulehemu.

Jumanne, 14 Oktoba

Mama amekiona kifuniko, kimefungwa kwa skrubu kwenye mashine. Hakugomba. Alikiangalia, akarudi kwa kiti chake akaendelea kufuma. Anafuma kitu cheupe wiki ya pili sasa. Sikuuliza. Kila kitu nyumba hii kina kitambaa: viti, redio, TV, hata kabati la vyombo.

Nimechoka. Leo supavaiza amenihamisha meza, sasa niko chini ya feni inayopiga kelele.

Jumamosi, 18 Oktoba

Fundi mmoja wa chuo cha Poly ameniingizia programu niliyoiandika kwenye chipu. Ana mashine ya kazi hiyo, lakini si yake. Amesema hatarudia, ataonekana. Kwa hiyo chipu ni hiyo moja.

Saa kumi nimeunganisha kwa TV. Mistari miwili, na kidude cheupe kinatembea. Hiyo ndiyo treni. Treni zinatoka pande zote mbili, njia ya reli ni moja, na mchezaji anashika signali za kuziruhusu au kuzisimamisha. Ukizembea zinagongana. Baba amefanya kazi hiyo tangu sijazaliwa, ndani ya kibanda cha signali, akivuta levya za chuma.

Nilicheka peke yangu. Kisha nikalala na viatu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu. Maduka yamefungwa. Nilitaka swichi bora, hizi nilizonazo ni za taa ya kitanda.

Baba alikuja akasimama mezani. Mashine ilikuwa imezimwa. Akabonyeza swichi moja, akabonyeza nyingine.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kuchezea, Baba."

"Ni laini sana. Mtu atabonyeza bila kufikiri."

Akaenda zake nje kuota jua. Iliniuma. Baba hajawahi kusifu kitu nilichotengeneza, hata pasi yake niliyofufua.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimerudi kazini nikakuta swichi mbili mezani juu ya gazeti. Za shaba, nzito, zimepigwa msasa. Mama anasema zilitupwa kibanda kilipobadilishwa waya, naye Baba akaziweka kwa sanduku lake miaka yote hiyo. Yeye mwenyewe hakugeuka. Alikuwa anasikiliza taarifa ya habari.

Nimezifunga. Zinahitaji kidole kizima. Ni nzuri kuliko chochote cha Luthuli.

Jumapili, 26 Oktoba

Sijui niandike vipi.

Akina mama wa kanisa walikuja kuwaaga wazazi. Mimi niliacha mashine inawaka, nione kama itahimili moto mchana wote. Nikatumwa soda. Kioski cha karibu hakina, nikaenda hadi kile cha karibu na hall ya mtaa.

Niliporudi nilisikia harufu mlangoni. Wageni wameketi wanakunywa chai. Mashine yangu imewekwa katikati ya meza, na juu yake kitambaa cheupe, kipya, chenye maua pembeni. Kumbe ndicho alichokuwa akifuma Mama. Aliipimia akiwa peke yake mchana, mimi nikiwa kazini. Alikuwa akiwaambia, "Hii ndiyo kompyuta ya Trufena. Ameiunda na mikono yake."

Nilikivuta. Katikati kimeungua duara la kahawia. Bati lilifunikwa, regyuleta imekufa kwa joto, na ilipokufa ikapitisha umeme wote kwenye memori. Wageni wakaweka vikombe chini. Mama akashika kitambaa, akakikunja na duara likaangalia ndani.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nina hasira na sina mtu wa kumkasirikia. Kitu kisicho na kitambaa katika nyumba hii ni kitu cha aibu, kama kiti kilichovunjika. Aliipa heshima. Mimi ndiye niliyeishi humu maisha yangu yote nisilifikirie hilo.

Sikula. Mama aliacha sahani mlangoni mwangu, imefunikwa.

Jumatano, 29 Oktoba

Niliomba ruhusa mapema. Regyuleta nimepata Luthuli. Memori kwa Njoroge. Hakutaka nilipe, nililipa. Nimezing'oa zilizokufa moja moja. Chipu ya programu sijajua kama ni nzima. Naogopa kuijaribu.

Ndani wanafunga mizigo. Baba amefungua kamba ya sanduku lile lile mara tatu.

Ijumaa, 31 Oktoba

Chipu ni nzima.

Niliwasha kabla ya chakula. Mchungaji anatuma gari kuchukua TV kesho asubuhi. Nikamwita Baba. Alikuja na miwani, akavuta kiti karibu, akauliza signali ipi ni ya upande wa juu. Kisha hakuuliza tena.

Aliweka signali zote nyekundu. Treni zikasimama, zikajaa pande zote mbili. Nikataka kumwambia kwamba gemu inahesabu zinazopita, kwamba atapata pointi. Nikamwacha. Aliachilia moja, akaingoja ipite kabisa, akaachilia nyingine. Polepole. Mama alisimama nyuma yake na mwiko. Ugali ukaungua kidogo.

Hazikugongana hata mara moja. Pointi zake zilikuwa chache za kuchekesha. Mwishowe alivua miwani.

"Hakuna kengele."

"Kengele gani, Baba?"

"Kibanda cha mbele kikikutumia treni kinakupigia kengele. Hapa zinatokea tu. Mtu anafanyaje kazi hivyo?"

Halafu akasema tena, kwa Mama, kama mimi sipo: "Lakini signali ameziweka mahali pake."

Nimeandika hilo neno kwa neno.

Jumamosi, 1 Novemba

TV imeenda asubuhi. Wazazi wameenda jioni. Baba alishuka tena kutoka behewani kuangalia kama signali imefunguka, mpaka gadi wa treni akamwomba apande. Sikulia stesheni. Nimelia hapa, kwa nyumba tupu.

Jumapili, 9 Novemba

Dandora. Chumba kina harufu ya rangi. Kazi ni ile ile, sasa natembea zaidi, miguu inauma.

Leo nimefungua kifurushi alichoniachia Mama. Sufuria moja bila kifuniko, unga, na kile kitambaa. Palipoungua amepakata kwa mkasi, na kuzunguka hapo amefuma ukingo, kwa hiyo katikati pana tundu. Nimekitandaza juu ya mashine. Bati la kifuniko linapita pale pale.

Sina TV bado. Nimemwagiza Njoroge spika ndogo, ya redio ya mkononi. Ya kengele.